Pikipiki Usiyoijua Si Yako Bado

Vijana wenzangu wa Dzaleka, na nyinyi ndugu zetu mnaofanya kazi na sisi kwenye mashirika, leo nataka tuongee juu ya pikipiki. Nina jambo moja tu la kusema: mtu anayeendesha pikipiki na hajui kuitunza kwa mikono yake, huyo bado hajaimiliki, hata kama karatasi zote ziko mfukoni mwake. Ni kama ameikodi kwa fundi. Na kwa hali yetu hapa, kodi hiyo ni kubwa kuliko tunavyofikiri.

Najua kuna wa kusema, "Huyu naye, watu wanaongea juu ya mgao, yeye anatuletea habari za cheni na oili." Subirini kidogo. Mgao umepunguzwa, kila nyumba inajua. Ndiyo maana ile mashine inayoleta unga nyumbani inatakiwa iangaliwe kuliko zamani.

Tuanze na sisi wenyewe. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangiwa watu kama 10,000. Leo tuko zaidi ya 50,000. Kutoka Katubza mpaka sokoni na debe la mahindi kichwani, mguu unachoka. Mama akishikwa na uchungu usiku, hamngojei gari, mnamtafuta kijana wa kabaza. Mtu akipewa karatasi ya kwenda hospitali ya Dowa, ni kabaza. Ukiwa na ruhusa ya kwenda Lilongwe, zaidi ya kilomita 40, unaanza na kabaza mpaka barabara kubwa ndipo upate basi dogo. Hapa Malawi neno kabaza lilikuwa la baiskeli za abiria. Siku hizi hata pikipiki tunaziita hivyo, na hakuna anayekosea maana.

Wengi wetu tulikuja na utamaduni wa pikipiki kutoka nyumbani. Sisi wa Kivu tunasema "moto", na kijana wa moto kule Bukavu, Uvira au Goma ni mtu anayejulikana mtaani. Warundi na Wanyarwanda hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kule tulizoea kupita mkono wa kuume, na hapa Malawi ni mkono wa kushoto. Mtu mgeni anaweza kukaa miezi mingi, halafu siku akiwa na usingizi kichwa kinamrudisha kwenye upande wa nyumbani. Kwa hiyo hata kuendesha tu, ilibidi tujifunze upya. Sasa swali langu ni hili: tulikubali kujifunza upya barabara, kwa nini hatukubali kujifunza mashine yenyewe?

Angalia kijiwe chochote cha kabaza. Pikipiki ina stika za timu ya mpira, ina jina la mtoto au mstari wa Biblia kwenye tenki, ina spika, ina taa za rangi ambazo usiku zinafanana na harusi. Mimi sichukii urembo. Kijana ambaye hana kitu kingine chenye jina lake ana haki ya kupamba kile alicho nacho, na abiria anapenda kupanda kitu kisafi. Lakini inama uangalie chini. Cheni inalegea kama kamba ya kuanikia nguo. Tairi la nyuma limekuwa laini kama kipara. Breki ya nyuma inakanyagwa mpaka mguu unakaribia kugusa barabara. Na mwingine ametoboa ekzosi ili isikike mpaka kijiji cha pili, akatoa na chujio la hewa akidhani itapata nguvu. Hapo urembo umekula pesa ya breki, na abiria aliyekaa nyuma na mtoto mgongoni hajui.

Wazee wetu hawakuwa hivi. Wale mliopita Goma mnakumbuka chukudu, ile ya mbao inayobeba makaa, viazi na mbao kutoka milimani. Mwenye chukudu anajua kila msumari. Gurudumu likiisha, anajua atakata mpira wa tairi la zamani wapi na kuupigilia vipi. Watu wa Goma wameiwekea sanamu kabisa kwenye mzunguko wa barabara, kwa sababu imelisha familia nyingi. Ile chukudu haikuwa na kitabu cha maelekezo. Ilikuwa na mwenyewe.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapo ndipo watu wanasikiliza. Wengi wanaoendesha hapa pikipiki si yao. Kuna bosi, na kila jioni au kila wiki kuna hesabu ya kumpelekea. Kinachobaki ndicho chako. Wengine wana mkataba: unalipa kidogo kidogo, na mwisho wa mkataba pikipiki inakuwa yako. Mkataba huo ni mzuri, lakini una mtego ambao watu hawauangalii. Unalipa mwaka mzima au zaidi, na siku unapokabidhiwa pikipiki, unakabidhiwa injini uliyoiua mwenyewe. Inatoa moshi wa bluu, inakunywa oili, haipandi mlima na abiria wawili. Umenunua deni jipya.

Najua kijana mmoja aliyefika karibu na mwisho wa mkataba wake. Injini ilishikana njiani kwa sababu oili ilikuwa imeisha, na hakuwa na tabia ya kuangalia. Fundi alifungua, akataja bei, kijana hakuwa nayo. Bosi akachukua pikipiki yake. Miezi yote ile ikaenda kwa sababu ya kitu ambacho kuangalia kwake ni sekunde 30 na hakilipiwi hata tambala moja ya kwacha.

Na spea siku hizi si za mchezo. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44, na kabla ya hapo, Mei 2022, ilishusha kwa asilimia 25. Pikipiki zetu, iwe Boxer, TVS au Lifan, vipuri vyake vinatoka nje, vinanunuliwa kwa dola. Kwacha ikianguka, bei ya cheni inapanda hata kama cheni ni ile ile iliyokuwa dukani Area 2 wiki iliyopita. Mafuta nayo yanakosekana kwenye vituo mara kwa mara, watu wanauziana kwenye chupa na madumu, na mafuta ya dumu mara nyingi yana maji au uchafu. Katika nchi yenye hali hii, njia ya kwanza ya kupata spea ni kuchelewesha ile uliyonayo isife.

Jambo hili halikuanza na sisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Barry Coleman, mwandishi Mwingereza wa habari za mashindano ya pikipiki, na Randy Mamola, Mmarekani aliyekuwa akishindana kwenye Grand Prix, walifika Somalia pamoja na shirika la Save the Children. Huko waliona pikipiki za wahudumu wa afya zimelala, zinaota kutu, wakati bado zilikuwa mpya. Walikuwa watu wa pikipiki, kwa hiyo waliona haraka kitu ambacho wengine hawakukiona: nyingi zilikuwa zimekufa kwa vitu vidogo, na hakuna mtu aliyefundishwa kuzitunza. Kwa hiyo mama wa kijijini alikosa chanjo ya mtoto kwa sababu ya kitu kidogo kama kipuri cha bei ya soda.

Kutoka hapo, wao pamoja na Andrea Coleman, mke wa Barry, walianzisha Riders for Health, iliyosajiliwa mwaka 1996. Wazo lao lilikuwa rahisi. Mwendeshaji anafundishwa kukagua pikipiki yake kila siku kabla ya kuiwasha, na fundi anabadilisha vipuri kwa ratiba, kabla havijaharibika. Walifanya kazi Lesotho, Gambia, Zimbabwe na kwingine, na hata hapa Malawi waendeshaji wao wamebeba sampuli za damu na makohozi kutoka zahanati mpaka maabara. Barabara zao zilikuwa na vumbi na matope kama hizi za Dowa. Tofauti ilikuwa tabia ya asubuhi.

Basi tuongee juu ya hiyo asubuhi. Haihitaji gereji. Inahitaji tambara, spana namba 10, 12, 14 na 17, bisibisi, koleo, spana ya plagi (sisi wa Congo tunaiita buji) na mswaki wa zamani. Watu watano wakichanga, wanakuwa na seti moja kijiweni.

Oili ndiyo ya kwanza. Simamisha pikipiki wima, injini ikiwa imezimwa, angalia kwenye kioo kidogo cha pembeni au kwenye kijiti. Pikipiki nyingi zetu zinabeba oili lita moja hivi tu. Hiyo lita moja inalainisha injini, gia na klachi, vyote pamoja. Ndiyo maana oili ya gari si nzuri kwa pikipiki: nyingine zina dawa ya utelezi inayofanya klachi iteleze, unaongeza mafuta na pikipiki haiendi. Kwenye chupa tafuta maandishi JASO MA, hiyo ni alama ya viwango vya Kijapani kwa oili ya pikipiki. Na usingoje iwe nyeusi kama lami. Anayebeba abiria mchana kutwa kwenye vumbi anabadilisha mapema kuliko kitabu kinavyosema.

Cheni ni ya pili. Katikati ya upande wa chini, isukume juu na chini kwa kidole: icheze sentimita 2 mpaka 3 hivi. Ikilegea sana inaweza kuruka na kufunga gurudumu la nyuma. Ikikazwa sana, abiria akikaa inavutika na kula beringi. Ukikaza, angalia alama za pande zote mbili zilingane, la sivyo gurudumu linakaa upande. Isugue kwa mswaki na mafuta ya taa, ifute, itie oili kidogo. Ikiisha, badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja, maana meno ya zamani yanakula cheni mpya haraka sana.

Chujio la hewa ni la tatu, na hapa kwetu ndilo linaloua injini nyingi kimya kimya. Kuanzia Agosti mpaka mvua zije, vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye sufuria iliyofunikwa. Kama chujio ni la sponji, lifue kwa sabuni, likauke kabisa, litie oili kidogo, likamue. Kama ni la karatasi, likung'ute na ulibadilishe likijaa. Anayeendesha bila chujio anatia mchanga kwenye pistoni. Ule moshi wa bluu baadaye ndiyo jibu.

Plagi ni ya nne. Ing'oe ukiwa na wakati, usome rangi yake. Ikiwa kahawia kama chai ya maziwa, injini inakula vizuri. Ikiwa nyeusi na masizi, mafuta ni mengi au chujio limeziba. Ikiwa nyeupe sana, inachoma kwa joto kupita kiasi. Plagi inakuambia ugonjwa kabla ya fundi kukuambia bei. Na kama umetia mafuta ya dumu na pikipiki inakohoa, kuna skrubu chini ya kabureta ya kumwaga yale yaliyokaa mle ndani. Maji utayaona, yanakaa chini.

Mwisho breki na matairi. Breki ya nyuma ina nati ya kurekebisha kwa mkono au spana. Kama nati imefika mwisho na breki bado haishiki, imekwisha, badilisha leo, usiseme kesho. Tairi liangalie upepo, misumari na nyufa. Kazi yote hii, ukishazoea, ni dakika kumi. Tunangoja abiria kwa saa nzima tukiangalia simu.

Sasa kuna maneno ambayo nimeyasikia kijiweni, na yanastahili jibu.

La kwanza: "Ukifanya mwenyewe unamnyima fundi chakula." Hapana. Fundi mzuri ana kazi nyingi za kweli: valvu, ringi, gia, waya za umeme. Ukimletea pikipiki iliyotunzwa, kazi yake inatoka vizuri na jina lake linakua. Anayeogopa mteja anayejua ni yule anayechukua kipuri chako kizima na kukurudishia kilichochoka. Ukijua plagi yako ilikuwa na rangi gani na alama gani, hawezi kukuchezea. Mafundi wenyewe wa hapa kambini wamejifunza kwa kuangalia, wengi bila cheti chochote, na nimeona wakifurahi kuulizwa maswali.

La pili: "Mimi nilisoma, siwezi kuchafuka mikono." Ndugu yangu, mimi pia nimemaliza sekondari. Cheti changu kiko kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro, na chuo bado sijakipata. Oili inatoka kwa sabuni. Tena kusoma kunasaidia: kitabu cha pikipiki kina namba, michoro na ratiba, na aliyesoma ndiye anayeweza kumsomea mwenzake ambaye hakupata shule.

La tatu: "Hiyo ni kazi ya wanaume." Wasichana wa hapa wanafundishwa kushona na kusuka, ni kazi nzuri, lakini wateja ni wale wale na washonaji wanaongezeka kila mwaka. Msichana anayejua kurekebisha kabureta hatakosa mteja. Cherehani nayo ni mashine, ina mkanda, ina oili, ina skrubu. Aliyeweza kuinyosha cherehani iliyokataa hashindwi na pikipiki.

Sasa nyinyi wa mashirika, nawaomba na nyinyi msome hapa taratibu. Tunashukuru kwa mafunzo na mitaji. Lakini mara nyingi mradi unahesabu vitu vilivyogawiwa: pikipiki ngapi, cherehani ngapi, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Ombi langu ni kwamba mrudi baada ya mwaka na kuhesabu ngapi bado zinatembea. Mkitoa pikipiki, toeni na seti ya spana, chujio la akiba, kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Chichewa, na siku mbili za kufundisha kwa mikono, siyo kwa karatasi ukutani. Wafundishe mafundi wa hapa hapa, na walipwe. Na sisi volontia tupewe kazi ya kupita vijiweni kila mwezi kukagua breki. Gharama yake ni ndogo kuliko kitanda kimoja cha mtu aliyevunjika mguu pale Kamuzu Central, Lilongwe.

Kuna jambo moja zaidi, na hili sisi wakimbizi tunalielewa kuliko wengine. Malawi ilipoingia kwenye Mkataba wa Wakimbizi mwaka 1987 iliweka masharti yake, yakiwemo juu ya kazi na juu ya kutembea. Kwa hiyo tuko hapa kwa ruhusa, na biashara zetu ni za leo. Mei 2023 wenzetu waliokuwa wakiishi mijini walikusanywa na kuletwa kambini, maduka yakafungwa, na kuna waliofika hapa na mfuko mmoja tu. Wengine kati yetu tuliacha moto Uvira au Bukavu zikiwa zimeegeshwa nje ya nyumba, na hatujui nani anaziendesha leo. Siwezi kuwaahidi kwamba pikipiki uliyonayo utakuwa nayo miaka mitano ijayo. Lakini nimeona watu walioshuka hapa bila kitu, na baada ya wiki moja walikuwa wamekaa chini ya mti na spana ya kuazima, wakirekebisha pikipiki za watu, wakiongea Chichewa cha maneno kumi. Achimwene wa vijiji vya jirani waliwaletea kazi kabla ya kujua majina yao. Ujuzi ule ndio uliowatambulisha.

Kwa hiyo kijana mwenzangu, kabla ya kununua taa nyingine ya rangi, nunua chupa ya oili sahihi. Kabla ya kubandika stika mpya, rekebisha breki. Kama pikipiki ni ya bosi, itunze kama yako, maana mgongo unaobebwa juu yake ni wako na wa dada yetu aliyekaa nyuma. Na kama hujui pa kuanzia, anza kesho asubuhi na kile kioo kidogo cha oili.

Sisi volontia wachache tumeanza kukutana Jumamosi mchana, nyuma ya uwanja wa mpira, anayejua anamwonyesha asiyejua, bila malipo. Wasichana karibuni. Leteni tambara na maswali. Spana namba 10 ninayo mimi, ila nimeshaazimwa mara mbili na ikachelewa kurudi, kwa hiyo safari hii utaacha kiatu kimoja.